Kijana kiziwi asiyeona akimaliza shule, anakwenda wapi?

#1 DadaMuheza
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, na kama yupo mzazi, ndugu au mwalimu aliyepitia hili aongee bila kuficha.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Hasikii, na macho yake yanatofautisha mwanga na giza tu. Mama aliugua rubella, ile homa ya vipele inayoweza kudhuru macho na masikio ya mtoto tumboni, mimba ikiwa changa. Tulimpatia nafasi kwenye kitengo cha viziwi wasioona akiwa tayari na miaka tisa, akakaa huko mpaka mwaka huu tulipoitwa na kuambiwa umri umepita, tumchukue. Tukapewa begi, godoro na karatasi moja ya maendeleo.

Shuleni alikuwa anatandika kitanda, anafua soksi zake, anaosha vyombo na kuvipanga. Tangu arudi nyumbani anashinda barazani kwenye mkeka. Chakula analetewa. Ameanza kujing'ata mkono mpaka pana kidonda, na usiku halali.

Msimamo wangu ni huu, na walimu mliomo humu mtanisamehe: kosa ni la shule. Wanamfundisha mtoto kuwa mwanafunzi, hawamfundishi kuwa mtu mzima. Hakuna siku tuliyoitwa akiwa na miaka 14 au 15 tukaulizwa huyu akitoka hapa atafanya nini, ataongea na nani, nani atakuwa naye sisi tukiwa kazini. Mwenye kijana kama huyu, mmefanyaje?

#2 MwlNuktanundu
Dada pole sana, ila hapo kwenye kosa la shule nakupinga.

Nimesomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalum, na nafundisha watoto hawa. Kijana anatoka kwetu ana ishara nyingi za mguso: maji, uji, kuoga, kwenda, subiri, rafiki, mwalimu fulani, sitaki. Anafika nyumbani anakuta watu wanajua mbili, "kula" na "choo". Hebu fikiria wewe upelekwe mahali ambapo hakuna anayejua lugha yako, halafu ukae barazani. Huko kujing'ata ndiko kuongea kwake. Anasema amechoka kukaa, na hana mtu wa kumwambia.

Nakuuliza bila ubaya: likizo zote hizo, nani nyumbani alijifunza kuongea naye?

#3 Kiboko wa Ruvuma
Nafuatilia. Pole dada.

#4 Jerotich_K
Salamu kutoka Kenya. Huku tuna shule ya Kabarnet kule Baringo kwa ajili ya watoto hawa, na mtaala wetu wa umilisi (CBC) una njia maalum kwa wasiofuata madarasa ya kawaida: ngazi ya msingi, ya kati, ya awali ya ufundi, halafu ufundi. Kwenye karatasi mpango ni mzuri, maana mtoto hapandi darasa kwa umri bali kwa anachoweza.

Shida inaanza baada ya hapo. Chuo cha Karen kilianzishwa kwa ajili ya viziwi. Cha Machakos kilianzishwa kwa ajili ya wasioona. Sasa huyu mwenye hali zote mbili anabisha hodi wapi? Tulipeleka maombi ya binamu yangu kwenye chuo kimoja, wakasema wana mkalimani wa lugha ya alama. Nikawauliza, ataitazama vipi hiyo alama? Kimya. Kwingine wakasema mwalimu anaeleza kwa sauti na vitabu viko kwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Atasikia vipi? Kwa hiyo mimi siwalaumu wazazi wala shule ya msingi. Mfumo umegawa ulemavu mafungu mafungu, na huyu haingii kwenye fungu lolote.

#5 Mzee_wa_Hoja
Mnalalamika sana. Helen Keller alizaliwa kiziwi asiyeona na bado alimaliza chuo kikuu, akaandika vitabu, akazunguka dunia. Na wakati huo hakukuwa na kompyuta. Bidii tu.

#6 Latifa Chukwani
Mzee wa Hoja, shikamoo, lakini hapo si sawa. Helen Keller hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa 1880 akiwa anaona na kusikia, akaugua akiwa na miezi 19, alikuwa ameshaanza hata kutamka maneno. Na bidii hakuwa nayo peke yake: mwalimu wake, Anne Sullivan, alifika kwao 1887 na akawa naye mpaka alipofariki 1936. Pale chuo cha Radcliffe, Marekani, ambako Helen alihitimu 1904, Sullivan alikuwa anakaa pembeni yake darasani anamwandikia mhadhara mkononi, herufi kwa herufi.

Nionyeshe kijana mmoja wa Muheza aliyepewa mtu wa namna hiyo hata kwa muhula mmoja, ndipo tuzungumzie bidii.

#7 Mzee_wa_Hoja
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa kwenye tarehe. Kwenye bidii bado tuna kesi.

#8 Fundi_Usher
Naandika kwa maandishi makubwa sana upande wangu, mkiona makosa mnivumilie.

Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa na macho yanapungua. Inaitwa ugonjwa wa Usher, ni wa kurithi. Nilisoma shule ya viziwi, lugha ya alama ndiyo lugha yangu. Nilipoingia kidato cha pili nikawa naanguka usiku nikienda bwenini. Nagonga ndoo, nakanyaga watu. Wenzangu wakadhani nina kiburi, maana mtu akiniita kwa mkono akiwa pembeni simwoni. Walimu waliandika kwenye ripoti "haelekezeki". Hakuna aliyenipeleka kupimwa macho mpaka nilipomaliza. Kwa sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: katikati naona vizuri, pembeni hakuna kitu.

Nimeyasema haya kwa sababu uzi huu unaongea kana kwamba sisi wote ni wa aina moja. Mdogo wake DadaMuheza hakuwahi kuona. Mimi nina lugha kamili, nasoma, nashona nguo, nina wateja. Ninachohitaji si kufundishwa kufua soksi. Nahitaji kujifunza nukta nundu na alama za mguso sasa hivi wakati bado naona, nisisubiri giza. Kwa maoni yangu tatizo kubwa ni kuchelewa kugundua. Kila shule ya viziwi ingepima macho ya wanafunzi kila mwaka, vijana kama mimi wangefika utu uzima wamejiandaa.

#9 Kiboko wa Ruvuma
#8 umenifundisha kitu leo. Asante sana fundi. Suti ya harusi yangu nitakuletea wewe.

#10 Fundi_Usher
Leta, ila kitambaa kisiwe cheusi, nyeusi juu ya nyeusi inanitoa jasho. Na malipo nusu kabla.

#11 MamaZuu
Mimi ni mzazi na nataka kumjibu mwalimu wa #2, maana kila siku wazazi ndio wabaya.

Binti yangu ana miaka 22. Mnasema tunawafungia. Mnajua tunachoogopa? Msichana asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kupiga kelele za maneno, asiyeweza kwenda polisi akaeleza ni nani. Nimeona kilichompata binti wa mtaa wa pili. Nyie mkisema "mwacheni awe huru" mnalala usingizi, mimi silali.

Hata hivyo sikumfunga. Alipovunja ungo nilimfundisha kwa mikono yangu: kitambaa kisafi, kitambaa kichafu, ndoo yake, sabuni yake, mlango unafungwa. Tulirudia kila mwezi mpaka akashika mwenyewe. Halafu kila mtu wa nyumbani ana utambulisho wake. Mimi namgusisha bangili yangu, baba yake anagusisha ndevu, mdogo wake anagonga bega mara mbili. Mtu akimgusa bila kujitambulisha anamsukuma na anapiga mguu chini kwa nguvu, nami nakuja. Daktari alimgusa ghafla akasukumwa vilevile, na nilifurahi.

Lakini kwenda chuo cha bweni, mbali, kwa watu nisiowajua? Hapana. Nipeni kwanza jibu la usalama.

#12 MwlNuktanundu
MamaZuu, uliyoyafanya wewe ndiyo mafunzo ya utu uzima, na hakuna chuo kitakachomfundisha vizuri zaidi. Naomba nikopeshe hilo la bangili kwa wazazi wa kwetu.

#13 Kiboko wa Ruvuma
Mwalimu kumbe una maneno matamu pia, dada wa #1 ulimpokea kwa fimbo.

#14 Wakili_Msomi_TZ
Naona hakuna aliyegusa sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri watu wenye ulemavu angalau 5%. Na halmashauri zinatenga asilimia ya mapato kwa mikopo. Tatizo ni utekelezaji. Haki zipo, hazidaiwi.

#15 Jerotich_K
Wakili, 5% ni yetu Kenya, iko kwenye Katiba ya 2010 ibara ya 54, kuhusu nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Tanzania nadhani ni 3%.

#16 Wakili_Msomi_TZ
Sawa kabisa, ni 3% kwa Tanzania. Asante dada. Na mikopo ya halmashauri ni ile 10%: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024.

#17 AnkoSingida
Sheria nzuri, lakini mwajiri wa kutoa 3% atamchukua kwanza mwenye mguu mmoja anayesikia na kuona. Sisi wa mwisho kwenye foleni hatufikiwi.

Niwape cha kwetu. Mpwa wangu wa kike haoni kabisa, masikio yanabaki kidogo sana. Alipomaliza shule tulianza na kuku sita wa kienyeji. Nilifunga kamba ya katani kutoka mlango wa nyuma mpaka bandani, kwenye kamba nikapiga fundo pale penye ngazi ili ajue aongeze tahadhari. Bandani kila kitu kina mahali pake na hakuna anayeruhusiwa kukisogeza, hata mimi. Maji kushoto, pumba kulia, viota ukutani.

Kazi anaifanya kwa vidole. Asubuhi anawapapasa kuku mmoja mmoja akiwa bado kwenye kichanja. Anagusa gole, anapima uzito kwa kiganja. Jogoo mmoja aliwahi kuugua, sisi wenye macho hatukuona kitu. Yeye alikuja akanishika mkono akaniwekea juu ya yule kuku: gole limejaa tangu jana, halijashuka. Tukamtenga wengine wakapona. Trei ya mayai anaijaza bila kuvunja, na yai lenye ufa analijua kwa ukucha.

Pesa anazijua. Noti zetu zinatofautiana urefu, ana kipande cha kadi ngumu nilichokata alama pembeni, anakunja noti juu yake anajua hii ni ya elfu mbili, hii ya elfu kumi. Mteja mmoja alijaribu kumpa elfu moja badala ya elfu tano. Alirudishiwa noti yake na trei ikarudi ndani.

Kwa hiyo nadhani shida ya vijana hawa ni kwamba tunawatafutia vyuo wakati fundi, mfugaji au mama ntilie wa mtaani anaweza kumfundisha kazi pale pale atakapoishi.

#18 Mzee_wa_Hoja
Ndiyo bidii hiyo niliyoisema mimi!

#19 Latifa Chukwani
Mzee, hiyo ni bidii ya anko aliyefunga kamba. Na huyo binti. Wote wawili.

#20 DadaMuheza
Nimesoma zote. Nimelia kidogo kwenye ya kuku.

Mwalimu, swali lako la likizo limenichoma, lakini nakurudishia: nani alitufundisha? Tulikuwa tunafika getini, tunasaini daftari, tunapewa mtoto. Ungetuweka hata saa mbili darasani tukaona anavyoongea, tungejifunza. Kwa hiyo bado naona shule ina lake.

Sasa nisaidieni la leo. Nianzie wapi na huyu wa kwenye mkeka? Na kuna anayekijua chuo cha Masiwani hapa Tanga?

#21 MwlNuktanundu
Hoja yako ya getini naipokea, wenzangu wengine wanakosea hapo.

La leo. Anza na ratiba ya kugusa. Aliyeisambaza sana ni Mholanzi, Jan van Dijk, aliyefanya kazi na watoto viziwi wasioona wakati wa wimbi la rubella. Chukua boksi, ligawe vyumba vitatu. Chumba cha kwanza weka kijiko, cha pili kipande cha kanga anachoogea, cha tatu kamba au kitu cha kazi utakayompa. Kabla ya kula mpeleke kwenye boksi, achukue kijiko, aende nacho mezani. Akimaliza akirudishe, apapase kinachofuata. Usingizi mara nyingi unarudi siku ikiwa na mpangilio, maana kwake usiku na mchana havijulikani kwa jua pekee.

Ukimfundisha kazi, mkono wako ukae chini na wake juu. Yeye afuate wako. Ukimkamata vidole na kumsukuma anajifunza kusubiri kusukumwa.

Kidonda kipelekeni kituo cha afya, na msimfunge mikono hata kwa nia njema. Mwulizeni daktari pia kama meno au masikio hayamuumi. Wengi wanajing'ata kumbe jino limeoza.

#22 Wakili_Msomi_TZ
Kuhusu Masiwani: ni miongoni mwa vyuo vya serikali vya ufundi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo Dar, Sabasaba Singida na Luanzari Tabora. Kabla ya kwenda waulize mambo mawili: je, mwanafunzi anaweza kuja na msaidizi wake, na je, yupo mkufunzi anayejua alama za mguso? Wakisema hakuna, andika barua kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri upate jibu la maandishi. Jibu la mdomo halidai kitu.

Na kama hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, anzeni nayo sasa. Alishavuka 18.

#23 MamaZuu
NIDA tulipata, dole gumba likapita bila shida. Tulipokwama ni benki moja, sitaitaja. Wakasema akaunti haifunguliki kwa jina lake kwa kuwa "hawezi kuthibitisha anachokubali". Nikawaambia mleteeni karatasi ya nukta nundu, au nimweleze kwa mkono mbele yenu. Wakakataa, wakataka akaunti iwe ya kwangu. Hela za mauzo ya mikeka yake ziko kwenye jina langu mpaka leo. Nikifa kesho ndugu watagawana jasho la mwanangu.

#24 Latifa Chukwani
Hilo la MamaZuu ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mtu mzima ni mtu anayeulizwa. Humu ndani tumejadili shule, kuku, sheria na benki, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mdogo wake DadaMuheza anataka nini. Anaweza kuwa hapendi kuku.

#25 AnkoSingida
Ni kweli. Wa kwetu tulimpa kwanza kazi ya kusuka ukili, akautupa nje. Kuku aliwachagua mwenyewe, alikuwa anakwenda bandani kujificha.

#26 Nesi_Kibaha
Nichepushe kidogo. Rubella aliyoitaja mleta mada: chanjo ya surua na rubella ilianza kutolewa Tanzania 2014, Kenya 2016. Vijana wanaofikisha miaka 18 na 19 sasa walizaliwa kabla, mama zao hawakuikuta. Kwa hiyo tuna kundi kubwa linaloingia utu uzima kwa pamoja, na ndiyo maana uzi kama huu unakuja sasa.

#27 Kiboko wa Ruvuma
Kwa hiyo baada ya miaka kumi tatizo litakuwa limeisha lenyewe?

#28 Nesi_Kibaha
Hapana. Kuna homa ya uti wa mgongo, watoto njiti, Usher ya mwenzetu #8, na sababu nyingine za kurithi. Rubella ni mlango mmoja.

#29 Mzee_wa_Hoja
Tuseme ukweli, ni wachache mno. Serikali itajenga chuo kwa watu wangapi?

#30 Latifa Chukwani
Mzee, ripoti ya 2018 ya Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona ilikadiria kuwa watu 0.2% wana hali hii kwa kiwango kikali, na 2% kwa kiwango cha chini. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Piga hesabu. Wengi wao watakuwa wazee, lakini hata ukiwatoa wazee unabaki na watu wa kujaza uwanja. Hatuwaoni kwa sababu wako barazani.

#31 Fundi_Usher
Na hatuhitaji chuo chetu peke yetu. Chuo cha peke yetu kitakuwa kimoja, mbali, na MamaZuu hatampeleka mtu. Tunahitaji watu. Mkalimani anayejua mguso, anayelipwa, anayekuja kwenye chuo chochote, hospitali, mahakamani, hata kwenye kikao cha ukoo. Nikipoteza macho yote leo, cherehani nitaendelea nayo. Kitakachonimaliza ni kukosa wa kuongea naye.

#32 AnkoSingida
Alipwe na nani? Hapo ndipo huwa tunakwama. Kwangu mkalimani ni mke wangu, na halipwi.

#33 Jerotich_K
Huku Kenya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya, inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Haitoshi kumlipa msaidizi hata wiki moja. Mwaka 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, tunasubiri kuona itafanya nini mashinani. Mimi bado nasema vyuo vilivyopo vilazimishwe kwanza.

#34 MamaZuu
Na mimi bado nasema usalama kwanza. Lakini Fundi, neno lako la kikao cha ukoo limenigusa. Binti yangu hajawahi kukaa kwenye kikao hata kimoja. Jumamosi tuna kimoja cha shamba la babu yake, nitakaa naye nimweleze mkononi, wajomba watake wasitake.

#35 DadaMuheza
Nimetengeneza boksi kwa katoni ya sabuni. Kesho naanza na kijiko na kanga, cha tatu sijajua niweke nini. Anko, wewe ulijuaje kwamba alikuwa anapenda kuku na si kwamba anakimbia watoto wanaomsumbua?

#36 AnkoSingida
Nilimpelekea kifaranga mmoja ndani, hakuna watoto wala kelele. Alikaa naye mapajani mpaka adhuhuri, chakula chake akamgawia. Wako mpitishe kwenye vitu kimoja kimoja: udongo, mbuzi, unga, kamba, maji. Kaa kimya uangalie mikono yake inarudi wapi.